UKWANGALA: KUSAIDIANA KWA MAJIRANI KATIKA NCHI YA RUNGWE

Wanyakyusa wanalo neno moja ambalo kila mfasiri aliyejaribu kulileta katika Kiswahili amelipunguza. Neno lenyewe ni ukwangala. Ukisema ni kuzungumza, umeacha chakula. Ukisema ni kula pamoja, umeacha mazungumzo. Ukisema ni ujirani mwema, umeanza kukaribia, lakini umelifanya kuwa sifa ya mtu, hali Wanyakyusa wenyewe walilitumia kwa jambo linalotendeka baina ya watu. Monica Wilson alilitwaa wazo la neno hilo likawa jina la kitabu chake, Good Company, kilichotolewa mwaka 1951, na tangu hapo wataalamu wa mambo ya jamii wamekuwa wakilitaja kila wanapoandika juu ya nchi ya Rungwe. Wanalugha hawakulitazama sana. Nalo lastahili kutazamwa, kwa sababu laonyesha jinsi watu wa mtaa mmoja walivyotunzana kabla ya kuwako chama chochote chenye katiba, mweka hazina na daftari.

Yafaa kwanza kulipima neno kwa sarufi. Kitenzi cha Kiswahili kusaidia hutaka watu wawili: yupo asaidiaye na yupo asaidiwaye, na mmoja yu juu ya mwenziwe, hata kama ni kwa saa moja tu. Ndivyo yalivyo pia majina tuliyoyapata kwa Waarabu, kama msaada, sadaka na hisani. Kila moja lina mkono utoao na mkono upokeao. Kinyakyusa nacho kinacho kitenzi cha namna hiyo, ukutuula, na kwa kiambishi -an- hupatikana kutendana, kama vile saidia inavyozaa saidiana. Lakini ukwangala hauna mtendwa. Mtu hamwangali mwenziwe. Huangala pamoja naye. Basi katika neno hili hakuna mfadhili wala mfadhiliwa, na pengine ndiyo sababu halikukaa vizuri katika taarifa za wamisionari na za serikali, ambazo zilitaka kujua nani ametoa na nani amepewa. (Wako wanaopenda kuliunganisha na angalia ya Kiswahili. Kufanana kwa sauti peke yake si ushahidi wa udugu wa maneno, na maana zake haziko karibu.)

Nchi yenyewe ilikuwa na neema. Rungwe ni nchi ya mvua nyingi na udongo wa volkano, migomba kila upande, na mlima Rungwe ukisimama kaskazini kwa kimo cha mita 2,900 na zaidi. Joseph Thomson, aliyepita huko mwaka 1879 akielekea Ziwa Tanganyika, aliisifu kwa maneno makubwa. Alistaajabia usafi wa vijiji, nyumba zilizojengwa kwa ufundi, na vivuli vya migomba. Msafiri hupita, naye hupenda kuona pepo pale alipopumzika. Lakini habari ya nyumba ilithibitishwa na wengi waliomfuata. Watu walijenga kwa mianzi, na kwa kuwa ardhi haikuwa haba, mtu aliweza kuhama kijiji na kujenga pengine bila hasara kubwa. Jambo hili la wepesi wa kuhama lafaa likumbukwe.

Wilson na mumewe Godfrey walifanya uchunguzi wao huko kati ya mwaka 1934 na 1938, wakisaidiwa na Leonard Mwaisumo, karani na mfasiri wao, ambaye kazi yake imeanza kupewa heshima yake katika miaka ya karibuni tu. Kitu kilichowashangaza kupita vyote kilikuwa mpango wa makazi. Pote barani Afrika twazoea kusikia kwamba watu hukaa kwa koo: baba, wanawe, ndugu zake na wake zao. Kwa Wanyakyusa haikuwa hivyo. Mtoto wa kiume alipofika umri wa miaka kumi au kumi na moja aliondoka nyumbani kwa baba yake, akaenda kujenga kibanda pamoja na vijana wa rika lake kando ya kijiji cha wazee. Hapo walilala, kula bado walikula kwa mama zao, na kulima bado waliwalimia baba zao. Walipooa, wakaleta wake zao pale pale, na kile kilichokuwa mchezo wa watoto kikawa kijiji kamili, ikipanga, kwa wingi ifipanga. Baadaye ilikuja sherehe ya ubusoka, ambapo wazee waliwaachia vijana utawala na ardhi ikagawanywa upya. Kila ikipanga kilikuwa na kiongozi wake miongoni mwa amafumu, ambao hawakuwa wa nyumba ya malafyale. Walichaguliwa na viongozi waliowatangulia, na kazi yao moja ilikuwa kugawa viwanja.

Sababu iliyotolewa na wenyewe kwa mpango huo ilikuwa adabu: haifai mwana kukaa karibu na vitanda vya wazazi wake, wala mke wa mwana kuonana na baba wa mumewe. Lakini matokeo yake yalikuwa makubwa kuliko adabu. Jirani wa mtu hakuwa ndugu yake. Ng'ombe walipita katika ukoo, ikikolo, kwa mahari na kwa urithi. Bali kazi ya kila siku, chakula cha jioni, na mashauri ya usiku vilipita kati ya majirani wa rika moja. Basi kila mtu alikuwa na mikono miwili ya kumshika, mmoja wa damu na mmoja wa mahali, na mmoja ukichoka mwingine ulikuwapo.

Ni haki kusema kwamba picha hii haikubaliwi yote na kila mtaalamu. Simon Charsley katika kitabu chake cha 1969, na Michael McKenny katika makala ya 1973, waliipima upya, hasa ile habari ya nchi kugawanyika kila kizazi kwa utaratibu usiobadilika. Yaelekea Wilson alieleza kanuni kama wazee walivyoipenda, na mambo yenyewe yalikuwa na vurugu zaidi. Hata hivyo kuwako kwa vijiji vya marika hakuna aliyekukanusha, na hoja ya makala haya haihitaji zaidi ya hapo.

Tuje kwenye chakula, maana hapo ndipo ukwangala ulipokaa. Vijana walikwenda kwa kundi, leo kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule, wakala pamoja. Desturi hiyo waliendelea nayo hata utu uzima: mwanamume hakula na mkewe wala na watoto wake, alikula na wenzake. Kiswahili cha pwani kinalo jina karibu sawa na hilo, yaani kikoa, chakula kinacholiwa na watu kadhaa ambapo kila mmoja huandaa kwa zamu yake. Lipo na neno bia, la watu wanaochanga kila mmoja fungu lake. Ni ajabu kwamba waandishi waliotafuta neno la Kiswahili kwa desturi ya Rungwe walikwenda moja kwa moja kwenye ushirika na ujamaa, maneno mapana yenye siasa ndani yake, wakaliacha kikoa, ambalo lina sufuria na jiko.

Kwa njia ya kikoa hicho, mtu ambaye migomba yake iliangushwa na upepo, au ambaye mkewe yu mgonjwa, hakuhitaji kuomba. Zamu yake ilipopita bila chakula, wenzake walijua, na yeye aliendelea kula kwa zamu za wengine. Hakuna aliyeandika deni. Wala haikufikiriwa kuwa ni huruma. Ilikuwa ni kuangala tu. Pia aliyejenga nyumba alisaidiwa na rika lake, na aliyefiwa alizungukwa nao. Msiba wa Kinyakyusa ulikuwa jambo kubwa: wanawake wakilia, wanaume wakicheza ngoma, ng'ombe wakichinjwa na nyama kugawanywa. Asiyefika msibani bila sababu alijiweka katika hatari ya kushukiwa.

Neno hilo la kushukiwa latupeleka upande wa pili wa habari, ambao wapenzi wa mambo ya kale aghalabu huupita mbio. Wanyakyusa waliamini kwamba mchawi husukumwa na uroho wa nyama na maziwa, na kwamba tumboni mwake mna chatu. Waliamini tena kwamba majirani wakiwa na hasira ya haki juu ya mtu, kwa kuwa ni bahili au amewavunjia wazazi heshima, pumzi yao humjia kama baridi naye huugua. Hiyo waliiita upepo wa watu. Imbepo kwa Kinyakyusa ni upepo na ni baridi, na shina lake ni lile lile la upepo na pepo ya Kiswahili. Mwenye ng'ombe wengi asiyewaalika wenzake alikuwa na homa ya kuiogopa. Basi ukarimu ulilindwa na hofu. Aliyetuhumiwa uchawi alifukuzwa, akahamia kijiji kingine, na kwa kuwa ardhi ilikuwako alipokelewa huko akaanza maisha mapya. Hapo ndipo ule wepesi wa kuhama ulipokuwa rehema: ukali wa majirani ulikuwa na mlango wa kutokea.

Jambo jingine. Kikoa cha wanaume kilipikwa na wanawake. Wilson alionyesha kwamba mwanamume mwenye wake wengi aliheshimiwa kwa kuwa aliweza kuwalisha rafiki wengi. Maana yake ni kwamba heshima ya ukwangala wa mmoja ilipimwa kwa kuni na maji yaliyobebwa na kadhaa. Wake nao walihama wakaenda kukaa katika ikipanga cha mume, mbali na mama zao. Mjane hakuwa na rika lililompa kiwanja. Alirithiwa na ndugu wa marehemu au alirudi kwa mwanawe. Kila mpango wa kusaidiana una watu uliowaweka ndani na watu uliowaacha mlangoni, nao huu haukuwa tofauti.

Mwaka 1891 walifika wamisionari Wajerumani, wa Moravian na wa Berlin. Wamoravian walijenga Rungwe, chini ya mlima, na baadaye Rutenganyo. Wa Berlin walikaa Manow na Mwakaleli. Serikali ya Kijerumani nayo ilikuwa na boma Langenburg, ufukoni mwa ziwa Nyasa, kisha ikapanda mlimani na kujenga Neu Langenburg, mji unaoitwa sasa Tukuyu. Misioni zilikuwa na ardhi yake, na watu waliokuja kukaa humo, wengine wakiwa wakimbizi na wengine wanafunzi, walipata kiwanja, dawa na ulinzi, lakini kwa sheria za mwenye nyumba: kazi siku fulani, mke mmoja, pombe hapana. Hapo ndipo Rungwe ilipoona kwa mara ya kwanza mtaa wa watu wanaotunzwa. Msaada sasa ulikuwa na mtoaji, naye alikuwa na madaraka ya kumwondoa mpokeaji.

Lakini vita vikaja. Mwaka 1916 Waingereza waliitwaa nchi, na wamisionari Wajerumani wakaondolewa. Kwa muda wa miaka kama kumi, chini ya uangalizi wa mbali wa Waskoti wa Livingstonia, makanisa yale yaliendeshwa hasa na walimu na wazee wa Kinyakyusa wenyewe. Hayakufa. Kutembelea wagonjwa, kulisha wasio na watu, kuzika maiti, yote yaliendelea kwa mikono ya majirani. Mwenye kuyatazama mambo haya kwa makini aona kwamba shina la zamani lilikuwa limechipua tena katika udongo wa kanisa, ingawa rika lilikuwa sasa usharika. Wajerumani walirudi katikati ya miaka ya 1920, wakaondolewa tena vita vya pili vilipoanza, na safari ile ya pili wenyeji hawakushangaa.

Kodi ilikuwa imeanza tangu enzi za Wajerumani, na mahari ya ng'ombe ilikuwapo tangu zamani. Mambo hayo mawili yaliwasukuma vijana kutoka. Walikwenda kwanza machimbo ya dhahabu ya Lupa, upande wa Chunya, yaliyoshamiri katika miaka ya 1930. Baada ya vita vya pili walivuka mpaka kwenda migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, ambayo ni Zambia tangu 1964, na baadhi walifika hata migodi ya Afrika Kusini, mpaka Tanganyika huru ilipoyakataza mapatano ya kuwapeleka watu huko. Katika makambi ya migodi mtu alipewa nyumba kwa sababu ya kazi. Kazi ikiisha, na nyumba imekwisha. Jirani hakuchaguliwa na rika wala na ukoo bali na karani wa kampuni. Godfrey Wilson, aliyekuwa mkurugenzi wa kwanza wa Taasisi ya Rhodes-Livingstone tangu 1938, aliyachunguza maisha ya namna hiyo katika mji wa Broken Hill, uitwao Kabwe siku hizi, akayaandika katika sehemu mbili, 1941 na 1942. Alikuwa ameyaona makazi ya Rungwe kwanza, na kwa hiyo alijua kilichokosekana.

Wanyakyusa hawakukaa kimya makambini. Kama watu wengine wa mbali, walitafutana, wakatunza wagonjwa wao na kuzika wafu wao. Ila lugha ya kila siku huko ilikuwa Kibemba, na katika Kibemba lipo neno ukwangala, kwa sura ile ile, lenye maana ya kucheza. Mtu wa Rungwe aliyetoka shimoni jioni alisikia watoto wakiambiwa waende kuangala, naye akalitambua neno bila ya kulikuta jambo lake. Ni shida kupata mfano bora zaidi wa neno linalosafiri likaacha mzigo wake nyumbani.

Kumbe nyumbani nako mzigo ulikuwa umeanza kuanguka. Kahawa ilikuwa imepandwa milimani, mpunga ukaenea katika tambarare ya kusini, na chai ya wakulima wadogo ikaja katika miaka ya 1960. Mti wa kahawa hukaa miaka mingi. Aliyeupanda hakubali kumwachia ardhi kijana wa ubusoka. P. H. Gulliver, katika kitabu chake cha 1958 juu ya milki ya ardhi ya Wanyakyusa, alionyesha wazi jinsi jambo hili lilivyovunja vijiji vya marika. Baba alimwekea mwanawe shamba, mwana akajenga karibu na baba, na kiongozi wa kijiji hakuwa tena na kiwanja cha kugawa. Mwaka 1963 serikali iliondoa utawala wa machifu, na malafyale akabaki na heshima bila ofisi. Lakini ikipanga kilikuwa kimekwisha kuchoka kabla ya hapo, na aliyekichosha ni mkulima mwenye mibuni yake. Ule mlango wa kuhama nao ulifungwa. Aliyechukiwa na majirani alilazimika kukaa nao.

Kuanzia hapo kusaidiana kulianza kutafuta vyombo vingine. Vyama vya ushirika vya mazao vilinunua kahawa na kuwapa watu nafasi ya kukutana. Vikavunjwa na serikali mwaka 1976, vikaruhusiwa tena kwa sheria ya 1982. Mashina ya nyumba kumi, yaliyoanzishwa na TANU katikati ya miaka ya 1960, yalikuwa karibu zaidi na desturi ya zamani kuliko waanzilishi wake walivyodhani, maana yalihesabu nyumba na si koo. Ujamaa, jina alilolitangaza Mwalimu Nyerere katika kijitabu chake cha 1962, lilitoka kwenye jamaa, yaani ndugu, na lilitaka taifa zima liwe kama ukoo mmoja. Kwa nchi nyingi za Tanganyika mfano huo ulifaa. Kwa Rungwe ulikwenda kinyume kidogo, kwa kuwa huko wema wa kila siku ulikuwa umejengwa makusudi nje ya ukoo; na kama neno lingetafutwa Tukuyu badala ya kwingineko, labda lingetoka kwenye ujirani. Sheria ya vijiji ya 1975 ilipokuja, nchi ilikuwa imejaa watu na migomba kiasi kwamba mahali pengi kijiji kiliandikishwa pale pale kilipokuwa.

Siku hizi mitaa ya Tukuyu, kama mitaa ya miji mingine ya Tanzania, ina vyama vya kuzikana na vikundi vya kuweka na kukopa. Kila kimoja kina daftari. Mchango una kiasi chake, asiyetoa hutozwa faini, na asiyehudhuria msiba huandikwa jina. Mwenye kulitazama daftari hilo aweza kusema kwamba ule upepo wa watu umepata wino. Tofauti ni kwamba wanawake, ambao katika kikoa cha zamani walikuwa jikoni, sasa aghalabu ndio wanaoshika daftari.

Iko pia Tasaf, mfuko wa serikali ulioanzishwa mwaka 2000, ambao kwa kaya maskini hutoa ruzuku ya fedha. Kabla fedha haijatoka, mkutano wa kijiji huitwa ili watu wenyewe wazitaje kaya zilizo duni kuliko nyingine, na ndipo maofisa huzipima kwa fomu zao. Katika mkutano wa namna hiyo jirani humtamka jirani mbele ya watu: huyu ana shida, yule hana. Katika ikipanga jambo hilo halikutamkwa kamwe, kwa kuwa sahani ilikuwa imekwisha kulisema. Kiswahili cha mkutano kimempata aliyetajwa jina, mlengwa, neno lililotokana na kulenga. Nalo, kwa sarufi, ni la kutendwa.